Muhammad Said Abdulla: Bwana Afya Aliyemzaa Bwana Msa

Kati ya mwaka 1957 na 1958, East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu ambayo serikali ya kikoloni iliifungua Nairobi mwaka 1948, iliendesha mashindano ya kutunga hadithi kwa Kiswahili. Zawadi ya kwanza ilivuka bahari ikaenda Unguja, kwa mwandishi wa magazeti aliyekuwa akikaribia umri wa miaka arobaini, Muhammad Said Abdulla. Hadithi yake iliitwa Mzimu wa Watu wa Kale. Ndani yake mlikuwa na maiti, mahali panapoogopwa, inspekta wa polisi, na bwana mmoja mtulivu mvuta kiko aliyeitwa Bwana Msa. Ilipotoka kama kitabu mwaka 1960, Kiswahili kilikuwa kimepata riwaya yake ya kwanza ya upelelezi.

Wataalamu wa fasihi humwita Abdulla baba wa riwaya pendwa ya Kiswahili. Wengi wakishamtaja hivyo huwa wameshamaliza: wanaandika jina lake katika mstari mmoja, kisha wanakimbilia waandishi wanaohesabiwa kuwa wazito. Mimi naona mstari mmoja haumtoshi. Mtu huyu alifanya jambo ambalo wachache kabla yake walikuwa wamelijaribu katika nathari ya Kiswahili. Alimfanya mtu wa kawaida anunue kitabu kwa hiari yake, akisome usiku bila kulazimishwa na mwalimu, na afike ukurasa wa mwisho akiwa anataka kingine. Tena alilifanya bila kuihama pwani yake, kwa mambo ambayo mtu wa Makunduchi, wa Mombasa au wa Chundwa kisiwani Pate angeyatambua bila kuelezwa.

Kabla yake

Pwani ya Waswahili haikuwa na njaa ya hadithi. Chukua kisiwa cha Pate peke yake, ambako kijiji cha Chundwa kiko jirani na Faza, Kizingitini na Mbwajumwali. Mwaka 1728, Mwengo wa Athumani alitunga hapo Pate Chuo cha Herekali, utenzi mrefu wa vita baina ya Waislamu na Warumi, na alitunga kwa kuamriwa na mtawala wa Pate. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alimwandikia binti yake utenzi wa nasaha ambao unasomwa hadi leo. Siyu, kisiwani humohumo, palikuwa na mafundi wa kunakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Na huku kwa Wabajuni wakulima, usiku wa kuamkia siku ya kuchoma msitu uliofyekwa, watu walikesha wakiimba vave, wimbo mrefu unaopokezanwa mpaka alfajiri.

Kwa hiyo kutunga kulikuwapo, na kutunga kwa ajili ya mtu mwenye mali kulikuwapo pia. Kilichokosekana ni hadithi ndefu ya nathari, iliyoandikwa ili mtu aisome peke yake, kimoyomoyo, kwa kuburudika. Utenzi ulisomwa kwa sauti mbele ya hadhira. Ngano zilisimuliwa. Kitabu cha hadithi cha kununuliwa dukani kilikuja na shule za kikoloni, na mwanzoni kilikuja kwa tafsiri. Katika miaka ya 1920 na 1930 wanafunzi wa Afrika Mashariki walipewa Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa Chenye Hazina na Safari za Gulliver, na maofisa wa elimu kama Frederick Johnson walishiriki kuzitafsiri. Hadithi zilikuwa tamu, lakini mashujaa walikuwa Waingereza, na Mwafrika akitokea humo, mara nyingi alikuwa mbeba mizigo.

Mwaka 1934 James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa. Kisha akaja Shaaban Robert, bingwa wa lugha, na Kusadikika na Adili na Nduguze. Lakini Shaaban Robert aliandika kama mwalimu wa maadili. Nchi zake zilikuwa za kubuni, na majina ya watu wake yalikuwa majina ya sifa. Hakuna aliyekuwa ameandika riwaya ambamo bwana fulani wa Unguja ameuawa juzi, na leo lazima tujue nani kamuua.

Mtoto wa Makunduchi

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Ni vizuri kukaa kidogo na mahali hapo, kwa kuwa kitabu chake cha kwanza kimetoka huko.

Makunduchi ni nchi ya mawe ya matumbawe na mapango. Udongo wake ni mwembamba, na mikarafuu haistawi huko kama inavyostawi kaskazini na magharibi mwa kisiwa. Kwa sababu hiyo mashamba makubwa ya mabwana hayakuufika upande huo kwa nguvu ileile, na mila za wenyeji wa zamani, Wahadimu, zilidumu. Kila mwaka, mwezi Julai, watu wa Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba kumaliza chuki za mwaka uliokwisha, na kibanda cha makuti huchomwa moto.

Na kuna mizimu. Mzimu kwa kawaida ni pango, mti mkubwa au gofu la kale. Ukiufikia utakuta vitambaa vyekundu na vyeupe vimefungwa kwenye matawi au kushikiliwa kwa mawe, chetezo cha udongo chenye majivu ya ubani, maganda ya mayai, na pengine sarafu zilizoota kutu. Mtu huenda hapo kuomba mtoto, kuomba mvua, kuomba mgonjwa apone. Haendi ovyo. Kuna wazee wa ukoo, wavyale, ambao ndio wenye kujua adabu za mzimu na kumwombea mgeni. Asiye na haja hupita mbali, na jua likizama hapiti kabisa.

Mambo haya hayakuwa ya Makunduchi tu. Kutoka visiwa vya Wabajuni hadi Kilwa, kila mji wa pwani una pango lake, mbuyu wake, magofu yake ambayo watoto hukatazwa kuyachezea. Abdulla alikua akiyajua kwa ndani, na alikuja kuyatumia kama ambavyo hakuna mwandishi mgeni angeweza.

Miaka kumi ya kukagua

Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa na Idara ya Afya kama mkaguzi. Huyo ndiye mtu ambaye raia humwita bwana afya. Alikaa katika kazi hiyo miaka kumi.

Waandishi wa wasifu huipita kazi hii kwa haraka. Mimi naiona kuwa ndiyo shule yake. Bwana afya wa zama zile alikuwa mtu wa kubisha hodi. Aliingia uani, akatazama kisima kama kimefunikwa, akachungulia mapipa ya maji kama yana viluwiluwi vya mbu, akauliza habari za choo, za taka, za mgonjwa aliyelala chumba cha nyuma. Mwenye nyumba hujibu kwa adabu, na mara nyingi hujibu nusu. Mkaguzi lazima aone kwa macho yake kile ambacho hakikusemwa. Pia lazima ajue kuongea na kila tabaka: tajiri wa Mji Mkongwe mwenye mlango wa kuchongwa, na mkwezi wa Ng'ambo mwenye kibanda cha udongo. Na zaidi ya yote, kazi yake nzima imesimama juu ya imani moja, kwamba ugonjwa una sababu inayoonekana ukiitafuta. Mbu ndiye aletaye malaria, na maji machafu ndiyo yaletayo kuhara. Jirani hakumroga mtu.

Mtu aliyefundishwa hivyo kwa miaka kumi, kisha akaketi kuandika hadithi ya mauaji, tayari anamjua mpelelezi wake.

Nchini Marekani kuna mfano unaofanana. Dashiell Hammett, aliyezibadilisha hadithi za upelelezi za nchi hiyo, alianza kama mpelelezi wa kuajiriwa wa kampuni ya Pinkerton. Alijifunza kumfuata mtu bila kuonekana kabla hajajifunza kuandika. Kazi ilimpa macho, kalamu ikafuata.

Magazetini

Mwaka 1948 Abdulla aliacha kazi ya afya akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, wa Al Mahda na wa Afrika Kwetu.

Mwenye kuijua Zanzibar ya miaka hiyo atashtuka kuyaona majina haya katika wasifu wa mtu mmoja. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu, lililoongozwa na Mtoro Rehani, lilisimama na Jumuiya ya Waafrika. Magazeti haya yalipingana juu ya mambo makubwa: nani mwenye nchi, nani apige kura, nani aongoze baada ya Mwingereza. Mwaka 1954 serikali iliwashitaki viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa uchochezi kutokana na yaliyoandikwa katika Al Falaq. Mwaka 1957 ulikuja uchaguzi wa kwanza, na kuanzia hapo Wazanzibari wenyewe waliipa miaka hiyo jina la zama za siasa. Watu walisusiana madukani, walisusiana hata maziko. Juni 1961, katika ghasia za uchaguzi, watu 68 waliuawa.

Abdulla alikuwa amefanya kazi pande zote mbili za ukuta huo. Alizijua hoja za mwenye shamba na hoja za mkwezi, lugha ya baraza la mjini na lugha ya shamba. Mwaka 1958 aliondoka kwenye magazeti ya mabishano, akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Huko alikaa miaka kumi, hadi alipostaafu mwaka 1968. Ni kazi ya utulivu kwa mtu wa kalamu. Mikarafuu ya Zanzibar ilikuwa ikifa kwa maradhi yaliyoua mti mzima kwa muda mfupi, na mkulima alihitaji kuelezwa sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Hapa tena mwandishi wetu alikuwa akiwaambia watu jambo lilelile alilokuwa akilisema tangu 1938: tafuta sababu.

Hofu kama kufuli

Sasa tukifungue kitabu chenyewe. Bwana Ali, mtu wa mali mwenye mashamba, amekutwa ameuawa mahali paitwapo Mzimu wa Watu wa Kale. Watu wananong'ona. Polisi wanakuja, wakiongozwa na Inspekta Seif. Na anaitwa Bwana Msa, ambaye hana cheo chochote serikalini wala hana bunduki. Silaha zake ni maswali, subira na kiko chake. Pembeni yake yupo rafiki yake Najum, ambaye huona yote anayoyaona Bwana Msa lakini haoni maana yake, kama Daktari Watson alivyokuwa kwa Sherlock Holmes. Ni dhahiri kwamba mfano wake ulikuwa Holmes, mpelelezi ambaye Arthur Conan Doyle alimleta duniani mwaka 1887. Hata jina la shujaa lina alama ya mwenyewe, maana herufi za mwanzo za Muhammad Said Abdulla zinasomeka M.S.A.

Lakini kuna jambo ambalo hakulichukua kwa Doyle. Mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe, aliyeanzisha aina hii ya hadithi, aliweka mauaji ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani. Msomaji anajiuliza muuaji aliingiaje na alitokaje. Tangu siku hiyo chumba kilichofungwa kimekuwa kipimo cha ufundi kwa watunzi wa upelelezi Ulaya na Marekani. Nyumba ya Kizungu ina funguo na komeo, na fumbo linatokana na hizo.

Abdulla alikuwa na mahali palipo wazi kabisa. Mzimu hauna mlango. Mtu yeyote anaweza kuingia saa yoyote. Ila haingii mtu, na usiku ndiyo kabisa, kwa kuwa hofu ndiyo kufuli. Muuaji akiutupa mwili pale, ana hakika hataonwa. Ana hakika nyingine kubwa zaidi: mwili ukionekana, watu watakuwa na jibu tayari. Watasema marehemu ameuvunjia heshima mzimu, na mzimu umejilipiza. Nani atauliza swali la pili? Mkosaji hapa ameigeuza imani ya watu kuwa pazia. Fumbo la namna hii haliwezi kutungwa na mtu wa London, kwa sababu mtu wa London hana mzimu wa kuogopa.

Na tazama adabu ya mwandishi. Ilikuwa rahisi, mwaka 1958, kuandika kama mmisionari, kuwacheka wanaofukiza ubani na kuwaita washenzi. Vitabu vilivyoletwa shuleni vilikuwa vimejaa dharau hiyo. Abdulla anaipinga hofu ya ushirikina kwa nguvu zote, lakini hawadharau wanaoogopa, maana ni watu wake. Bwana Msa huketi nao, hunywa kahawa yao, husikiliza maneno yao kwa makini, kwani katika maneno ya mtu mwenye hofu mna habari. Kisha hurudi kwenye ushahidi. Katika riwaya hizi wafu hawamdhuru mtu. Mwenye kumdhuru mtu ni mtu, na ana sababu zake: mali, mapenzi, hasira, siri ya zamani.

Halafu kuna lugha. Kiunguja cha Abdulla kinasifiwa na kila mwenye kukisoma. Ni Kiswahili cha barazani, chenye mizunguko, misemo na utani wa watu waliokaa pamoja miaka mingi. Mahojiano ya Bwana Msa hayaendi kwa vitisho. Huanza kwa kujuliana hali, yakapita kwenye habari za mvua na watoto, na swali lenyewe hushuka katikati ya mazungumzo, mhojiwa akalijibu kabla hajatambua kuwa ameulizwa. Mswahili yeyote anayajua mazungumzo ya namna hiyo. Abdulla aliona kwamba adabu zetu za kuongea zinaweza kuwa chombo cha upelelezi.

Senti kumi na zawadi moja

Wakati Abdulla akikagua visima vya Unguja, Marekani ilikuwa na kiwanda kizima cha hadithi. Frank Munsey alikuwa ameligeuza jarida lake la Argosy mwaka 1896 kuwa la hadithi tupu, likapigwa chapa kwenye karatasi duni ya rojo la miti na kuuzwa senti kumi. Wengine wakamfuata. Tarzan wa Edgar Rice Burroughs alitokea katika jarida la namna hiyo mwaka 1912. Black Mask lilianzishwa 1920 na kumlea Hammett, kisha Raymond Chandler, ambaye hadithi yake ya kwanza ilitoka humo mwaka 1933. Waandishi wa majarida haya walilipwa kwa hesabu ya maneno, mara nyingi senti moja au mbili kwa neno, kwa hiyo waliandika mbio. Walter Gibson, aliyetumia jina la kalamu la Maxwell Grant, aliandika riwaya 282 za shujaa wake The Shadow, na kuna miaka alikuwa na mkataba wa kutoa mbili kila mwezi.

Ukilinganisha, Abdulla aliandika riwaya saba za Bwana Msa, na kati ya ya kwanza na ya mwisho ilipita miaka ishirini na minne. Tofauti haikuwa ya bidii. Gibson alikuwa na viwanda vya karatasi, reli za kusambaza, vibanda vya magazeti kila kona na mamilioni ya wasomaji waliokwenda shule. Mtunzi wa Unguja alikuwa na mashindano ya ofisi moja ya Nairobi, wasomaji wachache, na mshahara wa kazi nyingine. Hakukuwa na soko la kumlipa kwa neno. Ilibidi soko lijengwe kwanza, na kitabu chake kilikuwa miongoni mwa mawe ya msingi.

Katika jambo moja walifanana. Wote waliambiwa kwamba wanachoandika si fasihi ya kweli. Marekani ilichukua miongo kadhaa kukubali kwamba Hammett na Chandler walikuwa mabwana wa lugha. Sisi nasi tumekawia vivyo hivyo.

Baada ya Mapinduzi

Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Zanzibar ilipinduliwa, na mwezi Aprili visiwa vikaungana na Tanganyika. Dunia ambayo Bwana Msa alizaliwa ndani yake, ya mabwana wenye mashamba na mabaraza ya kahawa, ilibadilika kwa ghafla. Wahariri na waandishi wengi wa magazeti ya zamani walihama. Abdulla alibaki na Mkulima wake mpaka 1968.

Mwaka huohuo aliostaafu, kampuni ya Evans ya London ilitoa riwaya yake ya pili, Kisima cha Giningi. Jina hilo linamtisha mtu wa Zanzibar hata kabla hajafungua kitabu, maana Giningi katika masimulizi ya Pemba ni mji wa chini kwa chini wa wachawi, wanakokutana usiku. Tena mwandishi amelichukua jambo linaloogopwa, akampeleka Bwana Msa na akili zake.

Kisha akapata nafasi ambayo mtumishi huwa haipati. Kazi ya ofisi ilikuwa imekwisha, na nyumba ya uchapaji ya Nairobi, East African Publishing House, ilikuwa ikitafuta vitabu vya Kiswahili. Duniani Kuna Watu ilitoka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Riwaya nne katika miaka minne, za mtu aliyekuwa na miaka zaidi ya hamsini. Njama zake zilizidi kuwa za kusukwa, na mafumbo ya nasaba, ndoa na majina ya watu yalichukua nafasi kubwa. Ya mwisho, Kosa la Bwana Msa, ilichapwa 1984. Abdulla alifariki mwaka 1991.

Vitabu vyake viliingia shuleni Afrika Mashariki. Mzimu wa Watu wa Kale ulipigwa chapa tena na tena, na vizazi vya wanafunzi, Bara na visiwani, vilikutana na riwaya ya Kiswahili kwa mara ya kwanza kupitia kwake.

Waliomfuata

Njia ilipofunguliwa wengine waliingia. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Upelelezi ukahama kutoka mashamba ya Unguja hadi mitaa ya Dar es Salaam, na simu na magari vikachukua nafasi ya mzimu na kisima. Baadaye Katalambulla alianzisha jarida la Film Tanzania, lililosimulia hadithi kwa picha. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zimeibwa Dar es Salaam, na Gamba anazifuata Nairobi. Alitembea na bastola, alisafiri kwa ndege, na adui zake walikuwa makaburu na mawakala wao. Wakaja Eddie Ganzel na Hammie Rajab. Wakaja vijana wa miaka ya 1980, mbele yao Ben Mtobwa na shujaa wake Joram Kiango. Mtobwa alikwenda hatua moja zaidi: aliendesha kampuni yake mwenyewe ya uchapaji, Heko, akawa mtunzi anayejichapa na kujiuza.

Nairobi, David Maillu alikuwa amefanya hivyo kwa Kiingereza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupitia Comb Books, kwa vijitabu vya bei ndogo juu ya pombe, ofisi na mapenzi. Viliuzwa kama njugu, na Tanzania ikavipiga marufuku.

Nguvu hizi zote haziwezi kuhesabiwa kwa Abdulla peke yake. Wengi wa vijana hawa walimsoma James Hadley Chase na Ian Fleming kuliko walivyomsoma yeye, na Willy Gamba ni ndugu wa James Bond kuliko wa Bwana Msa. Lakini waliikuta hadhira. Walimkuta mchapaji aliyekwisha kuona kwamba hadithi ya kusisimua kwa Kiswahili inanunuliwa, na msomaji aliyekwisha kuzoea kuketi peke yake na kitabu. Na huko Zanzibar kwenyewe, miaka ya 1970 ilileta kina Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu na Nyota ya Rehema, na Adam Shafi wa Kasri ya Mwinyi Fuad. Hao ni waandishi wa riwaya za kijamii, na wanasifiwa kwa haki. Lakini kabla yao kulikuwa na mtu aliyethibitisha kwamba Kiunguja cha kila siku kinaweza kuibeba riwaya kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuchoka.

Deni letu kwake

Katika miaka ya Ujamaa, wahakiki walimlaumu. Walisema Bwana Msa hashughuliki na unyonyaji, na kwamba mwisho wa kitabu muuaji anakamatwa lakini mashamba yanabaki mikononi mwa walewale. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Abdulla hakuandika riwaya ya mapinduzi, na mtu anayetaka kujua kwa nini mwaka 1964 ulitokea hatapata jibu kamili kwake.

Ila lawama hiyo haikuiona kazi aliyoichagua. Abdulla aliishi katika visiwa ambavyo uvumi uliweza kuua. Aliona jinsi neno lisilochunguzwa, likipita barazani, sokoni na magazetini, linavyowageuza majirani kuwa maadui. Katika mazingira hayo alimtunga mtu ambaye haamini jambo kwa kuwa linasemwa. Bwana Msa haulizi mtu ni wa kabila gani kabla ya kupima maneno yake. Huuliza alikuwa wapi, aliona nini, na anajuaje. Katika Zanzibar ya 1958, hilo lilikuwa somo la uraia, na alilitoa kwa njia ambayo msomaji aliipokea kwa furaha.

Mtoto wa Chundwa, mjukuu wa waimba vave, leo anasikia kila siku habari za mtu aliyepotea, za mzee aliyeitwa mchawi, za jirani aliyetajirika ghafla. Pwani ya Kenya imeshuhudia wazee wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kukiwa na shamba la kurithiwa nyuma ya tuhuma hizo. Hii ni njama ambayo Muhammad Said Abdulla aliijua vizuri. Mkosaji huitumia hofu ya watu kuficha haja yake. Ndiyo maana riwaya zake zinastahili kurudi mikononi mwa vijana wa pwani nzima, katika shule na maktaba za vijiji, na zifundishwe pamoja na Shaaban Robert na tenzi za Pate, kwa heshima ileile. Kijana akishamsoma Bwana Msa, atajifunza kuuliza swali la pili kila anapopewa jibu la haraka, na jamii yenye vijana wa namna hiyo haitaua mzee asiye na hatia.